UZI: Mpigaji bora wa kriketi miaka ya tisini. Mimi nasema Lara, njooni mnitoe

#1 MlinziWaSlipu (Upanga, Dar)

Wakuu, salamu kwanza.

Juzi umeme ulikatika mtaani, tukakaa kibarazani kwa binamu yangu na taa ya betri, na kama kawaida gumzo likaishia kwenye kriketi. Swali lilikuwa jepesi: kuanzia 1990 hadi 1999, nani alikuwa mpigaji namba moja duniani? Sijamaliza kuuliza, baraza zima limeshajibu Sachin Tendulkar wa India. Wazee, vijana, hadi mpita njia aliyekuja kununua vocha. Nikasema Brian Lara wa West Indies. Kuanzia hapo nikawa peke yangu, na betri ilipokwisha watu waliondoka bila kuagana vizuri.

Basi naomba nijieleze humu, ambako hakuna wa kunizimia taa.

Machi 1999. West Indies wametoka Afrika Kusini wamepigwa tano bila. Wanarudi nyumbani, mechi ya kwanza na Australia pale Port of Spain wanatolewa wote kwa mikimbio 51, ndizo alama za kriketi. Timu nzima, hamsini na moja! Lara ndiye nahodha, na bodi imempa unahodha wa kujaribiwa: mechi mbili, halafu tutaona. Mechi ya pili Kingston akapiga 213, West Indies wakashinda. Ya tatu Bridgetown ndiyo ninayotaka mkae muitafakari.

Wanahitaji 308 ili washinde. Wako 105 na watano wameshatoka. Mbele yao warushaji wa Australia: McGrath, Gillespie, Warne na MacGill. Lara akamchukua Jimmy Adams wakapandisha, Adams akatoka, wengine wakafuata, wakafika 248 na wanane nje. Akabaki na Ambrose, mrushaji ambaye kazi yake siyo kupiga. Naye akatoka. Akaingia Courtney Walsh, mtu anayeshika gongo kama aliyepewa mtoto mchanga wa jirani amshikie. Bado mikimbio sita. Walsh akasimama pale mipira mitano bila kupata hata mkimbio mmoja, na bila kutoka. Lara akaupiga wa Gillespie ukaenda hadi kamba. 153, hajatolewa. Ushindi wa wiketi moja, yaani akitoka mmoja zaidi wangepoteza.

Sasa mnieleze ni lini Tendulkar alifanya hivyo. Kubeba timu iliyokufa, kuimaliza kazi mwenyewe, dhidi ya timu bora duniani. Na sijagusa 277 ya Sydney 1993, wala 375 ya Antigua 1994 alipovunja rekodi ya Sobers iliyokaa miaka 36, wala 501 alizopiga Edgbaston miezi miwili baadaye akiwa na klabu ya Warwickshire.

Masharti ya uzi: ni miaka ya tisini tu. Msiniletee 2011.

#2 Babu_Gymkhana (Nairobi)

Shikamoo hukunipa lakini marahaba.

Kijana, umeleta mechi moja. Hata mimi nina mechi moja, niliwahi kupiga 61 kwa ligi ya Nairobi na sijitangazi. Mpigaji bora wa muongo anapimwa kwa muongo. Shika hizi: kufikia mwisho wa 1999, kwenye mechi za siku tano Tendulkar alikuwa amefikisha mia, yaani mikimbio 100 katika zamu moja, mara 22. Lara, 13. Wastani wa Tendulkar kwa miaka hiyo ulikuwa karibu 58, wa Lara ulizidi 51 kidogo. Hiyo tofauti si ya kuchungulia na miwani.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa Lara hulifunika kwa mkeka. Alipopiga 115 na Sri Lanka katikati ya 1997, mia iliyofuata ilikuja lini? Ni hiyohiyo 213 ya Kingston, Machi 1999. Karibu miaka miwili! Mtu anayeitwa bora wa enzi yake anapotea miaka miwili, halafu anarudi kwa kishindo nanyi mnasahau njaa yote. Ni kama mume anayekuja nyumbani mwisho wa mwezi na kuku mmoja, watoto wakamshangilia.

Tendulkar alikuwa analeta unga kila siku. Old Trafford 1990, ana miaka 17, anaokoa mechi kwa 119. Perth mwanzoni mwa 1992, pichi, ule ukanda unaodundia mpira, inaruka kama imewekwa springi, wenzake wanatoka mmoja mmoja, yeye 114 akiwa na miaka 18. Wale Waaustralia wenyewe walishajua pale ni nani huyu.

#3 KijanaWaKibokoni (Mombasa)

Nyote mwazunguka mbuyu. Lara bora wa dunia? Huyu huyu aliyetolewa na Rajab Ali wetu?

Pune, 29 Februari 1996, Kombe la Dunia. Kenya tumepata 166 tu, na kadhaa katika hizo walitupa wenyewe kwa mipira mibovu. Wanaingia West Indies, twajua mambo yamekwisha, watu washaanza kufikiria chakula cha jioni. Richardson, nahodha wao, akaondoshwa na Rajab Ali. Akaingia Lara. Akafika nane. Akaugusa mpira, ukaenda nyuma kwa Tariq Iqbal, mlinda wiketi ambaye siku ile mipira ilikuwa ikimtoroka kama kuku wa kukimbizwa. Huu mmoja ukakwama mikononi, na hadi leo sijui kama aliudaka yeye au mpira wenyewe uliamua. West Indies 93 wote nje. Odumbe akachukua tatu kwa mikimbio 15.

Marehemu babangu alikuwa hajui kriketi hata kidogo, lakini usiku ule alimpigia simu ndugu yake Lamu kumwambia tumewashinda weusi wenzetu mpira wa Wazungu uwanjani kwa Wahindi.

#4 MlinziWaSlipu

Hahaha, nilijua Pune itakuja, nilikuwa nahesabu tu ni jibu la ngapi. Sawa, alitoka kwa nane. Sasa nawe usiache hadithi nusu njia. Siku 11 baadaye, Karachi, robo fainali na Afrika Kusini ambao walikuwa hawajapoteza mechi hata moja. Lara 111 kwa mipira 94. Mrushaji wao Symcox alipigwa nne mara tano katika ova moja, yaani mipira sita. Afrika Kusini wakapanda ndege.

Huyo ndiye Lara. Mtu wa kawaida akidhalilika vile anajificha. Yeye alikwenda kumtafuta wa kumlipia deni.

#5 Mtoto_wa_Jangwani (Kariakoo)

Samahanini wakuu, mimi ni wa soka, nimeingia humu kwa bahati mbaya nikijua ni uzi wa usajili. Lakini nimesoma hadi hapa na nimeanza kunogewa. Naomba mtu anieleze: "153 hajatolewa" maana yake nini, na kwa nini mtu apige siku nzima halafu mseme ametoka?

#6 Bi_Ova (Leicester, zamani Kampala)

Karibu mwanangu, kaa hapa kwangu, hawa wanaume watakuchanganya.

Mpigaji anasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu. Mrushaji anataka kuviangusha vijiti, au mpira ugongwe udakwe kabla haujafika chini, na njia nyingine mbili tatu. Likitokea hilo, mpigaji ametoka na harudi tena zamu hiyo. Kila akipiga na kukimbia upande wa pili anapata mkimbio. Mpira ukivuka kamba kwa kubiringika ni nne, ukivuka hewani ni sita. Mrushaji anarusha mipira sita, hiyo ndiyo ova, anapokewa na mwingine. Wapo 11, wakitoka kumi zamu imekwisha kwa sababu mtu hapigi peke yake. Kuna mechi za siku moja na kuna za siku tano. Kosa moja tu, dakika ya pili au saa ya sita, umekwisha. Kwa hiyo "153 hajatolewa" ni mtu aliyekaa saa sita bila lile kosa moja.

Nikishatoa somo, niseme langu. Mimi ni Tendulkar, na sababu yangu siyo wastani.

Mwaka 1999 Kombe la Dunia lilikuwa huku Uingereza. Mei 19 India walicheza na Zimbabwe hapa Leicester, Grace Road, mjini kwetu palipojaa watu tuliofukuzwa na Amin na wengine waliotoka Kenya na Tanzania kwa hiari yao. Nilikuwa nimebeba chai kwenye chupa na kachori za kutosha kijiji. Tukafika, tukasikia minong'ono: Sachin hayupo. Baba yake amefariki, ameruka kwenda Mumbai. India wakapoteza kwa mikimbio mitatu. Henry Olonga alichukua wiketi tatu za mwisho katika ova moja, na uwanja mzima ukanyamaza kiasi kwamba nilisikia mfuniko wa chupa yangu ukizunguka.

Siku nne baadaye, Mei 23, Bristol, na nani? Na Kenya. Ameshazika, amerudi. Mama yake ndiye aliyemwambia arudi. 140 kwa mipira 101, hajatolewa. Alipofika mia akainua uso juu akatazama mbinguni, wala hakurukaruka. Mimi niliangalia kwenye televisheni na nilikuwa nashangilia Kenya siku ile, si unajua moyo wa Afrika Mashariki, lakini nilipika ugali ule nikilia.

#7 KijanaWaKibokoni

Mama, shikamoo. Ila 140 na Kenya bado ni 140 na Kenya. Kina Odoyo na Suji si McGrath na Warne.

#8 Sharjah98 (Dubai)

Ahlan. Kama mtaka McGrath na Warne, jina langu mmeliona.

Warne nitampata, McGrath hakuwepo safari ile. Aprili 1998, Sharjah, nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke Unguja, naendesha gari la maji. Tajiri wangu alikuwa na tiketi mbili na mgeni wake hakufika. India na Australia, siku ya Jumatano, tarehe 22. Australia wakafunga 284. India hata wakipoteza wanaingia fainali kama watafika idadi fulani, kwa sababu ya hesabu na New Zealand.

Katikati ya zamu ya India upepo ukaja. Si upepo wa kwenu wa kaskazi, huu ni mchanga. Mbele yangu taa za uwanja zikawa rangi ya chai. Wachezaji wakalala chini kifudifudi, sisi tukajifunika na mashuka ya kichwani, mdomo wote mchanga. Dakika ishirini na zaidi. Ulipotulia tukaambiwa ova zimepunguzwa, wanahitaji 276 kushinda na 237 kuingia fainali.

Huyu bwana Tendulkar akatoka kuja kupiga kana kwamba amesimamishwa kwenye foleni benki. Alimvukia Warne mbele, akaupeleka mpira juu ya kichwa cha Warne mwenyewe. 143 kwa mipira 131. Wakavuka 237. Wakapoteza mechi, ndiyo, wallahi najua mtasema. Siku mbili baadaye fainali, siku ya kuzaliwa kwake, anatimiza miaka 25, Australia walewale. 134. India bingwa.

Kwa hiyo MlinziWaSlipu, umeuliza ni lini alimaliza kazi mwenyewe? Ijumaa ile.

Na mwaka ule wote wa 1998 alipiga mikimbio 1,894 na akafikisha mia mara tisa kwenye mechi za siku moja. Tisa, mwaka mmoja.

#9 MlinziWaSlipu

Sharjah98 nakuheshimu, umeona kwa macho. Lakini hizo ni ova 50, pichi tambarare ya jangwani. Lara mwenyewe alipiga 169 hapohapo Sharjah 1995 na hakuna anayejiita kwa jina lake.

Mechi za siku tano ndizo mizani. Na hapo nauliza tena, Chennai, Januari 1999. India na Pakistan. Wanahitaji 271. Tendulkar yuko pale, anapiga vizuri kuliko binadamu, imebaki 17, na anatoka. Anapiga mpira hewani wakati kazi imeshaiva. India wanapoteza kwa 12. Lara Bridgetown alikuwa na Walsh, akamaliza. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu mkubwa na mtu mkubwa sana.

#10 Babu_Gymkhana

Hapo umenigusa pabaya, ngoja nivue koti.

Chennai ile India walikuwa 82, watano nje. Akabaki na Nayan Mongia, mlinda wiketi mwenye homa. Wasim Akram, Waqar Younis, na Saqlain Mushtaq ambaye alikuwa na ule mpira wa kuzungukia upande usioutegemea. Saa moja baada ya nyingine. Mgongo wa Tendulkar ukagoma. Kila baada ya mpira anainama, anashika kiuno, ananyooka, anasimama tena. Alikuwa hawezi kukimbia vizuri, hivyo akaamua kupiga za mbali ili amalize kabla mgongo haujammaliza. Alipotoka alikuwa na 136, India 254. Bado 17 na wiketi tatu mkononi. Waliobaki wanne walileta mikimbio minne. Wote kwa pamoja, nne!

Sasa wewe unamlaumu nani? Walsh alisimama mipira mitano. Wale wanne wa Chennai wangesimama mipira mitano kila mmoja, leo usingekuwa na uzi. Watu wa Chennai walisimama wakawapigia Pakistan makofi, wakawazungusha uwanjani, mpaka leo ukisimulia watu wa siasa hawaamini.

Na kama unataka mtu mwenye akili ya mchezo, siyo kipaji tu, rudi hapohapo Chennai mwaka mmoja nyuma, Machi 1998. Zamu ya kwanza Warne amemtoa kwa nne. Mjini kote ni kilio. Lakini Tendulkar alikuwa ameshafanya kazi ya nyumbani kabla ya mechi: alimwita mrushaji wa zamani Sivaramakrishnan, wakaichimbua pichi ya mazoezi pale nje ya miguu ya mpigaji, akamwambia nirushie hapo, kwa upande ambao Warne atakuja nao, mara mia. Zamu ya pili Warne akaja na upande uleule, akalenga palepale palipochimbuka. Akakuta mlango uko wazi na mwenye nyumba amesimama na rungu. 155, hajatolewa.

Lara hajawahi kujiandaa hivyo maishani. Yeye anainua gongo juu ya bega kama anayepasua kuni, jicho na mkono vikikubaliana ni raha tupu, visipokubaliana McGrath anamchukua. McGrath alimtoa mara 15. Tendulkar mara sita.

#11 Mtoto_wa_Jangwani

Kwa hiyo Lara ni yule winga wa chenga, akiamka vizuri mnashinda peke yake, na Tendulkar ni yule anayekupa saba kati ya kumi kila wiki?

#12 Babu_Gymkhana

Tisa kati ya kumi. Lakini umeelewa haraka kuliko mwenye uzi.

#13 MlinziWaSlipu

McGrath mara 15 kwa sababu Lara alikutana naye mara nyingi mno! Timu yangu ingekuwa inamwona McGrath kila msimu kama mpangaji na mwenye nyumba, hata mimi ningekuwa na majeraha.

Na nikukumbushe, mzee wangu, kwenye maisha yao yote ya siku tano, mia 14 kati ya 34 za Lara zilikuja kwenye mechi ambazo West Indies walipoteza. Mwenzake ni 11 kati ya 51. Fikiri kupika vile kwenye nyumba inayoungua.

#14 KijanaWaKibokoni

Mbona hamumtaji Steve Waugh wa Australia? Sabina Park 1995, 200, Ambrose na Walsh wakiwa wazima, West Indies wakapoteza mfululizo mzima wa mechi kwa mara ya kwanza tangu 1980. Huyo ndiye aliyeugeuza muongo. Hana urembo, sawa, apiga kama mtu afunga mzigo. Lakini mzigo haukufunguka.

(Naona mtanyamaza.)

#15 Bi_Ova

Tumenyamaza kwa heshima. Waugh ni wa tatu, Aravinda de Silva wa Sri Lanka wa nne, funga.

Mimi nina swali lenye uchungu zaidi. Tunabishana Trinidad na Mumbai, Steve Tikolo je? Siku chache baada ya Pune, mji wa Kandy, Sri Lanka waliwapiga Kenya 398, rekodi ya dunia ya siku hizo. Wangapi wangekuja kupiga kwa moyo baada ya hapo? Tikolo alipiga 96. Mwaka uliofuata Kuala Lumpur, fainali ya kufuzu na Bangladesh, 147 peke yake, na Kenya wakapoteza mpira wa mwisho kabisa. Bangladesh walipata hadhi ya mechi za siku tano mwaka 2000. Kenya hadi leo hawajapata.

Sisemi alikuwa sawa na Lara. Nasema hatukupewa kipimo cha kumpimia. Ukimtazama akipiga upande wa miguu, mkono ule laini, kama anafuta vumbi kwenye picha ya ukutani.

#16 Sharjah98

Bi_Ova umesema kweli tupu. Na kwa kuwa umemtaja Olonga, huyo naye nusu wetu, baba yake Mkenya ingawa alizaliwa Lusaka. Novemba 1998 alikuja Sharjah na Zimbabwe, akamrushia Tendulkar mpira mfupi ukapaa hadi usoni, akatoka kwa 11. Olonga akakimbia uwanjani kwa furaha kama ameachiwa mirathi.

Maskini. Siku chache baadaye fainali, walewale. Tendulkar 124, hajatolewa, India hawakupoteza wiketi hata moja. Mipira mifupi ya Olonga ilikuwa inatua kwenye viti. Mzee mmoja Mpakistani jirani yangu, hampendi Muhindi hata kwa dawa, akanigeukia akaniambia kwa Kiarabu kibovu: huyu hakusahau, alikuwa anangoja.

#17 Babu_Gymkhana

Nitavunja sheria ya uzi kwa mwaka mmoja, mnisamehe. Oktoba 2000, Nairobi Gymkhana, India na Australia. Nilikaa chini ya mti upande wa jengo la klabu. McGrath alikuja na maneno yake, mnajua mdomo wake, na Tendulkar akamjibu kwa maneno siku ile, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akamtoa nje ya kamba juu ya kichwa. Sita. Akarudia. Alipiga 38 tu. Nimeona mia nyingi maishani ambazo sizikumbuki, hizo 38 nazikumbuka mpira kwa mpira.

Na uwanja huohuo, 1996, kijana Afridi alipiga mia kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Gongo alilotumia alipewa na Waqar, na lilikuwa la nani? La Tendulkar. Hata asipokuwepo, gongo lake linafanya kazi.

#18 KijanaWaKibokoni

Babu hiyo ya gongo imeniua. Nahama. Tendulkar.

#19 Bi_Ova

MlinziWaSlipu, kabla hujajibu, nenda katazame tena Bridgetown, mwisho mwisho. Siyo muhtasari, mipira yote. Mtazame Ian Healy, mlinda wiketi wa Australia.

#20 MlinziWaSlipu

Umeme umerudi, nimeangalia zote mbili, moja baada ya nyingine, hadi saa nane usiku. Mke wangu anadhani nina matatizo.

Bi_Ova, nimeona. Mikimbio michache imebaki, Lara anaugusa wa Gillespie, unakwenda nyuma, Healy anaruka kushoto, glovu inaufikia, na unadondoka. Nilikuwa naukumbuka mpira ule kama haupo. Miaka yote hii nimesimulia mechi ile na Healy simtaji.

Halafu Chennai. Wasim Akram yuko chini ya mpira, unashuka, anaudaka. Kati ya mechi hizo mbili hapajapita hata miezi miwili na nusu.

Jambo jingine ambalo sikuwahi kuliona: Tendulkar anapotoka hatazami ubao wala mwamuzi. Anatembea amenyooka kuliko alivyokuwa siku nzima, yaani mgongo haumuumi tena, au hausikii.

Bado nasema Lara. Ukinipa tiketi moja ya mechi moja, nakwenda kumtazama Lara hata kwa kukopa nauli. Lakini kibarazani nitakwenda kumwambia binamu yangu kwamba ile hoja ya "mwenzio hakumaliza" nimeifuta. Akicheka nitaondoka.

#21 Mtoto_wa_Jangwani

Sasa huyo Healy aliyedondosha, mashabiki wa kwao walimfanya nini?

#22 Babu_Gymkhana

Hawakumfanya kitu, alikuwa amewatumikia miaka zaidi ya kumi. Alistaafu mwaka huohuo.

#23 Mtoto_wa_Jangwani

Na nani akachukua nafasi?

#24 Babu_Gymkhana

Adam Gilchrist. Kalale mwanangu, huyo tutamwanza kesho.